Ilifungwa Kesho

Umeme ulirudi Moshi alfajiri, mlima bado umejifunika,
na seva ya ghala la kahawa ikaamka isijue leo ni lini.
Betri yake, kidonge kisichozidi sarafu ya mia,
ilikufa kimya tangu masika.
Ikaamka kama mtoto aliyelala mchana,
akavaa sare ya shule magharibi, akidhani kumekucha.

Leo, ikasema, ni Januari mosi, mwaka elfu mbili.

Mkaguzi akaingia kwenye diski na taa yake,
akasoma ukurasa wa kwanza:
mara ya mwisho kufunguliwa, jana.
Jana ya miaka ishirini na kitu mbele!
Nani basi alifungua kesho,
akafunga, akaondoka na nyayo zake?
Akatia shaka. Akaanza kuhesabu upya,
gunia kwa gunia, jina kwa jina,
asilimia zikitambaa kwenye skrini kama kinyonga mwenye deni.

Nami nimekaa juu ya kreti ya soda,
Elinami, fundi wa kukodiwa,
sweta ya marehemu kaka imenifika vidoleni.

Waliopanga zamu za kuamka waligombana papa hapa.
Saa ilisema: sitangulii mimi.
Daftari la makosa yangu, sekunde ngapi nachelewa kwa siku,
limo ndani ya diski, na jina la ukanda wangu limo humo.
Diski ikasema: sifunguki bila tarehe.
Niambie nikufungulie.
Nifungulie nikuambie.
Ufunguo umefungiwa chumbani,
mwenye nyumba yuko nje, na mvua.

Bi Aikande, karani, akaingia na chupa ya chai.
"Saa ngapi hii?"
Kumi na mbili na nusu, nikajibu kwa mdomo.
Vidole vikaandika sita na nusu.
Mashine, kwa siri yake, ikahifadhi tatu na nusu.
Zote tatu kweli, hakuna iliyodanganya;
ila fundi aliyenitangulia alichanganya ya mdomo na ya siri,
ndiyo maana risiti za mwaka jana
zilitangulia wakulima kufika.

"Wa Kibosho wako getini," akasema. "Unasubiri nini?"
Nasubiri nani atangulie.
Akacheka, akamimina.
"Mimi nikifungua ghala sigusi kitu.
Nasimama mlangoni, nasoma magunia kwa macho.
Kalamu iko sikioni.
Nikijua nipo siku gani, na panya wamepita wapi,
ndipo naishusha."

Ndivyo hasa, Bi Aikande.
Sisi tumeandika kurasa na kurasa kuyasema hayo.

Nikaifungua diski kwa kusoma tu.
Saa ikachungulia daftari lake, ikajirekebisha,
ikaona haya kidogo, nadhani.
Mkaguzi akarudi, akakuta jana iko nyuma yake,
mahali pake jana.
Akapita vyumba vyote, akatoka, akasema: safi.
Ndipo nikaruhusu kalamu.

Betri mpya nilinunua kwa muuza saa
karibu na mzunguko wa mnara.
Aliniuliza, ya mkononi au ya ukutani?
Nikasema, ya kitu kinacholala.

Lakini giza la usiku ule halikupita bure.
Kwenye chumba cha vilivyookotwa
tulikuta risiti mbili zisizo na majina,
namba tu, kama watoto waliopotea sokoni
wakajua umri wao lakini si ukoo.
Nilitaka kuzifuta.
Bi Aikande akavaa miwani.
"Kilo arobaini na moja na robo.
Huyu ni Mkunde wa Uru. Hajawahi kuleta mzigo usio na robo."
Ya pili akaitazama mpaka chai ikapoa.
Hakuijua.
Akashusha kalamu kutoka sikioni,
akaandika tarehe ya leo, kwa mkono, bila kusita,
na mbele yake akaacha nafasi ya jina.